Lumbesa Haipandi Ndege

Mama yangu aliamini kwamba gunia lina kilo hamsini kwa sababu gunia lenyewe limeandikwa kilo hamsini. Kwamba maandishi yale yaliwekwa na watengenezaji wa mbolea, na yeye anatia humo karoti za Mgeta, hilo halikumsumbua. Mbolea hujazwa ikashonwa, basi. Gunia la karoti hujazwa mpaka likajaa, halafu ndipo kazi inapoanza: mdomo unarefushwa kwa kamba za katani, nyasi huku na huku, na juu zinapangwa karoti nyingine hadi gunia linavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Kwa mama ilikuwa adabu. Gunia lisilo na kilemba, alisema, ni kama mtu aliyekwenda kuposa mikono mitupu.

Mgeta alinunua kwa lumbesa, Dar aliuza kwa lumbesa. Huko juu aliwapunja wakulima, huko chini madalali wakampunja yeye, na katikati, hapa Morogoro, aliswali swala zake zote na kulala usingizi mzuri.

Mimi ni mhandisi wa ndege. Nalisema mapema ili tusipoteze muda, maana maishani nimepoteza mwingi kulieleza. Nikisema nafanya kazi kwenye ndege, watu huniuliza chai hugawiwa kabla ya kupaa au baada. Majirani zetu wa Kilakala walielewa upande wa ufundi tu, wakawa wananiletea redio, cherehani, na mara moja saa ya ukutani ya msikitini. Niliitengeneza. Wakanipa mapapai mawili. Nilikuwa nimetaka manne.

Nilisomea kazi hii katika nchi ya baridi ambako walinifundisha kwamba kila spana inayoingia kwenye ndege lazima ihesabiwe inapotoka. Wenzangu wa darasani waliona ni usumbufu. Mimi nimelelewa sokoni, nyuma ya mafungu ya nyanya. Kuhesabu mara mbili sikufundishwa na mzungu. Nilirudi na leseni, nikaajiriwa na shirika la umma, nikafanya kazi miaka kadhaa chini ya mabawa. Kisha ukaja wakati wa ruksa. Serikali ikaanza kuuza vitu ilivyokuwa navyo na kupunguza watu iliokuwa nao. Jina langu lilikuwa kwenye kundi la kwanza. Nikaambiwa mwanamke ana pa kuegemea. Nikauliza wapi. Hawakuwa na anwani.

Aliyenichukua alikuwa mwenye malori. Malori yake yalikuwa yakishusha mboga za Mgeta kwa miaka, na ruksa ilipokuja akaona mbali, akanunua ndege: injini moja, viti sita, mkono wa pili. Mimi na yeye tulipatana mshahara kwa muda mrefu kuliko alivyopatana ndege yenyewe. Alikuwa mtu mwema mwenye elimu moja tu, ya lori.

"Lori halikatai mzigo, injinia," aliniambia siku ya kwanza. "Linalalamika tu."

"Ndege hailalamiki, bosi," nikamjibu. "Inakataa. Mara moja tu."

Akacheka. Nadhani alidhani nimetia chumvi.

Kazi yangu kubwa ya mwanzo ilikuwa kuipima ndege upya, kwa sababu tulikuwa tumeng'oa viti vya nyuma ili ibebe mizigo. Ndege ikitolewa kitu hupimwa, ikiongezwa kitu hupimwa, kila gurudumu juu ya mizani yake, na haipimwi mpaka ikae sawasawa, kwa pimamaji, kipovu katikati. Mizani tatu nilizipata kwenye ghala la ushirika wa pamba uliokuwa umekufa. Mlinzi aliniazima kwa shingo upande. Kabla ya kuziamini nilizijaribu kwa mfuko wa simenti ambao haujafunguliwa. Ya kwanza ikasema kilo hamsini. Ya pili ikasema hamsini. Ya tatu ikasema arobaini na sita. Nikarudia; arobaini na sita. Wakulima walikuwa wameilalamikia kwa miaka mingi na kila mara wakaambiwa pamba yao ina unyevu. Nikaifungua, nikairekebisha, ikasema hamsini kama wenzake.

Sasa turudi kwa mama.

Msimu ule dalali wake wa Dar alikuwa amemwozeshea kabeji mara mbili. Mara ya kwanza alisema soko limejaa. Mara ya pili hakusema kitu, alituma makuli wa kuzitupa na gharama akamkata mama. Mama alirudi nyumbani, akala ubwabwa wake, na asubuhi akaniambia anatafuta mteja ambaye hana dalali katikati. Namna alivyompata sijui mpaka leo, lakini alimpata: mpishi mkuu wa hoteli mpya Unguja, mzungu, aliyekuwa amechoka kuletewa karoti zilizochemka ndani ya meli. Alitaka kilo mia tatu za mboga za mlimani, zifike siku ileile zilipong'olewa, na alitaka kumwona mwenye mali kwa macho. Akiridhika, ni kila Ijumaa. Asiporidhika, basi, na mama arudi kwa dalali wake akamwombe radhi kwa kabeji zilizooza.

Kwa hiyo Ijumaa moja asubuhi lori la bosi lilishuka kutoka Mgeta, likasimama kando ya uwanja wetu wa ndege, na mama akateremka akiwa na kanga mpya, kikapu, makuli wawili, na magunia sita. Magunia yote sita yalikuwa na vilemba. Moja lilikuwa refu kuliko mimi.

"Shikamoo mama," akasema rubani. Alikuwa mstaafu wa jeshi, amekaa chini ya bawa anasoma gazeti.

"Marahaba baba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi."

"Utaenda polepole."

"Nikienda polepole itaanguka, mama."

Mama akanitazama mimi, kuhakikisha. Nikaitikia kwa kichwa. Akasoma bismillahi mapema.

Bosi alikuwa ameshapiga hesabu zake. "Magunia sita, hamsini hamsini, mia tatu. Mama Injinia sabini. Injinia wewe umesema mwisho mia nne. Tumebaki na thelathini za kuchezea. Pakieni!"

"Nani kasema sabini?" nikauliza.

"Mama mwenyewe."

"Na hamsini?"

"Soma mwenyewe," mama akasema, akiyagonga maandishi ya gunia kwa kidole. "Si ndiyo tuliyokusomeshea?"

Neno la mwisho kuhusu mzigo ni la rubani. Ndivyo sheria inavyosema. Rubani wetu alikunja gazeti, akasema, "Injinia akinitajia kilo, naruka. Mkinitajia magunia, naendelea kusoma." Akalikunjua tena.

Nikavuta mizani moja ya ushirika, nilikuwa bado sijazirudisha. Makuli wakapandisha gunia la kwanza. Kilo themanini na nne. Bosi akainama akasoma, akaipiga mizani teke kidogo kama tairi. Themanini na nne. Nikapima yote sita, kisha nikayapima tena kuanzia la mwisho, maana watu wangesema mizani imechoka. Jumla ilikuwa mia nne na tisini mara zote mbili.

"Kwa hiyo tumezidi kidogo," akasema bosi.

"Hata rubani akishuka, bosi, bado tumezidi."

Rubani akafungua ukurasa wa michezo.

Nikawaeleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba uwanja wetu ni mfupi, kwamba jua likishapanda hewa inakuwa nyepesi na bawa halipati pa kushika, na kwamba mwisho wa uwanja inaanza mikonge na nyuma ya mikonge kuna nyumba za watu wanaopika.

"Hewa nayo ina uzito?" mama akauliza.

"Ina uzito."

"Basi punguza hewa, acha karoti zangu."

Makuli wakacheka. Bosi naye akacheka, kisha akakumbuka ndege ni yake.

"Mama," nikasema, "mpishi alitaka kilo ngapi?"

"Mia tatu."

"Hapa una mia nne na tisini."

"Ni mia tatu na lumbesa."

"Lumbesa ni mia na tisini."

"Lumbesa haihesabiwi. Ingekuwa inahesabiwa ingeitwa karoti."

Hapo nilimwambia jambo lenyewe. Kilo mia nne, mwisho. Ama mzigo wa mia tatu uondoke pamoja naye, magunia bapa, bila kilemba. Ama avipunguze tu vilemba, ziondoke karoti za mia nne nzima, na yeye abaki. Mama na lumbesa havipandi pamoja.

Akanishika mkono, akanivuta pembeni, nyuma ya mkia wa ndege, na akazungumza kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu msiba wa baba.

"Mwanangu, yule mtu hanijui. Akifungua mlango akaona magunia bapa, atasema huyu mwanamke ana njaa, hata nyongeza hana. Nikimwachia karoti ziende peke yake, atasema mwenyewe kaogopa kuja. Unanitaka niseme nini? Nirudi kwa yule mshenzi wa Dar?"

"Sitaki urudi."

"Basi nipunguzie. Mimi mama yako."

Nimepunguziwa vitu vingi maishani na nimewapunguzia watu vingi. Naamini hakuna bei isiyo na mlango wa nyuma. Lakini hii niliizunguka pande zote nikitafuta mlango, na sikuuona.

"Kuna kitu kimoja tu sijapima," nikamwambia. "Wewe."

Mama akikasirika huhamia Kiluguru, na akishahamia mimi hubaki kwenye Kiswahili, kila mtu kwake. Sitayaandika aliyoyasema. Makuli wawili, ambao ni watu wa Mgeta, waliondoka kwenda kuangalia lori. Mwisho akapanda mizani, uso ameugeuzia milimani, kama anayepigwa picha ya paspoti kwa lazima.

Kilo tisini na mbili.

"Mizani hii ndiyo iliyoua ushirika," akasema.

"Ulisema sabini, mama."

"Nilikuwa sabini."

"Kuna nini ndani ya kanga?"

Akaanza kutoa. Ilitoka chupa ya asali ya mlimani, imefungwa kwa kitambaa. Ikatoka nyingine. Yakatoka mafurushi mawili ya njegere zilizomenywa, moja kutoka kila upande, na fungu la matunda damu, yale yanayofanana na nyanya. Alivipanga juu ya nyasi, kimoja kimoja, bila haraka.

"Hizo ni zawadi," akasema. "Zawadi si mzigo."

"Zina kilo tisa."

"Zawadi haipimwi, we mtoto. Nani alikulea?"

Bila zawadi alikuwa themanini na tatu. Nikapiga hesabu kwenye kiganja, nikaipiga tena kwenye kiganja kingine. Mia tatu za mboga, themanini na tatu za mama: mia tatu themanini na tatu. Ilibaki kumi na saba. Zawadi zilikuwa zinatosha, na ziada. Ningeweza kumwambia hapohapo. Lakini ukimwambia mfanyabiashara kwamba kuna nafasi, unakuwa umempa nafasi.

"Asali iende," nikasema. "Njegere zibaki."

"Njegere ziende, matunda damu yabaki."

"Matunda damu na asali. Njegere zibaki."

"Vyote viende, navua viatu."

"Haya," nikasema. "Vyote viende. Na viatu vaa. Lakini vilemba vinashuka, vyote sita, na sitaki kusikia tena habari za gunia bapa."

Nadhani mama alijua nimemwachia, na alijua kwamba najua. Akatoa kisu kidogo kwenye kikapu, akakata kamba ya kilemba cha kwanza yeye mwenyewe. Karoti zikamwagika kwenye nyasi. Hakuangalia chini.

Tulipunguza gunia moja moja juu ya mizani mpaka sindano ikasimama hamsini, maandishi ya gunia yakawa kweli kwa mara ya kwanza tangu liache mbolea. Sindano ya kushonea magunia ilikuwa imeachwa Mgeta, kwa hiyo midomo niliishona kwa waya mwembamba tunaofungia boliti zisilegee, nikausokota vile unavyosokotwa kwenye injini. Ni mshono mzuri. Haujifungui.

Rubani akaja, akasoma hesabu yangu, akauliza swali moja kuhusu mzigo wa nyuma, akaridhika. Mama akapanda mbele, kikapu mapajani, ushungi ameukaza. Ndege ikakimbia, ikanyanyua pua, ikaacha ardhi kabla ya mikonge, ikaivuka kwa nafasi ya kutosha na kushika upande wa Kingolwira. Nilikuwa nimesimama na spana mkononi ambayo sikumbuki niliichukua kwa kazi gani.

Bosi alikuwa kando yangu. "Umeona?" akasema. "Ingechukua na gunia moja zaidi."

Nilibaki na kilo mia na tisini za karoti juu ya nyasi. Kuzirudisha sokoni kulihitaji lori, na lori lilikuwa limeshapata mzigo mwingine. Nikaweka mizani kando ya barabara, nikiwa na ovaroli yangu yenye grisi, nikauza. Kinamama wa Kihonda waliokuwa wanapita walisimama kwanza kwa mshangao, kisha kwa bei. Niliwapimia kilo. Waliitazama sindano kwa makini, wakakubaliana kwamba ni kilo kweli, wakasema, "Haya, sasa tuongezee."

Nikawaongezea. Sikuwa kwenye ndege.

Ndege ilirudi alasiri. Mama aliteremka kinyumenyume, akasimama, akakanyaga ardhi mara mbili kuijaribu. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Enhe?" nikauliza.

"Nipe maji kwanza."

Akanywa. Akavua viatu. Ndipo akaanza.

"Tumefika, wakaja na kigari, wakachukua magunia. Mpishi mwenyewe akatoka, mrefu, mwekundu. Akaangalia magunia. Mimi nikaangalia chini. Nikasema moyoni, haya."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Akaleta mizani."

"Akapima?"

"Moja moja. Hamsini. Hamsini. La tatu nikaona ananitazama mimi badala ya mizani. La sita likasema hamsini, akanipa mkono. Sasa kufungua! Walivuta, wakakata, kisu kikapinda. Wakaenda kuleta koleo. Akaniuliza, mama, nani kashona haya? Nikamwambia binti yangu, ni mhandisi wa ndege. Akasema, basi hii ndege nitaipanda."

"Na tenda?"

"Kila Ijumaa." Akalisema kama anataja siku tu. "Asali kailamba kwa kidole, mtu mzima yule. Njegere kanunua."

"Zile zilikuwa zawadi, mama."

"Alitaka kulipa. Nimkatalie?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anatazama pale kwenye nyasi karoti zilipokuwa zimemwagwa asubuhi. Nikampa fedha za mauzo yangu, akazihesabu, akaniuliza niliuza bei gani, akasema nimeuza bei ya mtu aliyeajiriwa. Akazihesabu tena. Halafu akabaki amezishika.

"Hakuuliza nyongeza," akasema.

"Hakuuliza."

"Hata kutazama juu ya gunia hakutazama." Akazitia fedha kwenye kikapu. "Na zile mia na tisini, ni magunia sita tu yale."

"Ndiyo."

"Lori la Dar linabeba magunia mangapi?"

Alijua jibu, alilipakia yeye kila wiki. Nilimwona anaanza kuhesabu kwenye vidole, mkono mmoja, wa pili, akarudi wa kwanza, na mahali fulani katikati ya miaka akaacha, akavaa viatu.

Baada ya miezi michache ushirika uliuza vitu vyake. Mama alikwenda, akapatana na mlinzi na aliyemtuma mlinzi, akarudi na mizani zote tatu kwa bei ambayo hakunitajia, dalili kwamba ilikuwa nzuri sana. Moja ikakaa uwanja wa ndege kwa mzigo wa Ijumaa. Moja ikaenda sokoni. Kila mnunuzi wa Dar akawa anapimiwa mbele ya macho yake, na waliotaka kilemba walielekezwa kwa majirani.

"Na ya tatu ipande Mgeta," nikamwambia.

"Mgeta?" Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kule ni mteremko mtupu, mwanangu. Mizani haiwezi kukaa sawa."

Niliingia chumbani, nikatoa pimamaji kwenye sanduku langu, nikaiweka juu ya ungo, katikati ya mchele. Kipovu kikaenda upande mmoja. Nikainua ukingo wa ungo kwa kidole mpaka kipovu kikarudi katikati.

Mama akagusa kioo cha kipovu kwa kidole.

"Ile ya tatu," akasema, "si ndiyo ile uliyoitengeneza?"

"Ndiyo."

"Huwezi kuirudisha ilivyokuwa?"

Tulipatana jioni nzima. Yeye alianzia kilo nne kila gunia, mimi nikaanzia sifuri na kubaki hapo. Nilimkumbusha nani anapima mzigo wa Ijumaa. Akanikumbusha nani kanizaa. Akashuka hadi kilo mbili, hadi moja, hadi konzi moja ya karoti. Mwisho tukaafikiana hivi, na ndivyo ilivyofanyika: mizani ikapanda Mgeta pamoja na vipande viwili vya ubao na pimamaji, kila gunia likapimwa sawasawa mbele ya mkulima wake, likalipiwa kilo zake zote, na baada ya hapo, kwa heshima tu, mkulima akaweka karoti moja juu.

Karoti hiyo anaichagua mama mwenyewe, na huchukua muda.